NANASI NA JAMAA ZAKE: Bustani ya kiwanja kidogo isiyofuga mbu

Nanasi ni tunda lisilohitaji kutambulishwa kwa mkazi yeyote wa Bujumbura. Katika masoko ya Ruvumera, Kinama na Kamenge hupangwa pamoja na ndizi, maembe na maparachichi, na akina mama hulinusa na kuligeuza mkononi kabla ya kupatana bei. Hata hivyo ni wachache wanaokumbuka kwamba tunda hilo laweza kukuzwa katika kiwanja kidogo cha nyumba, hata ndani ya debe kuukuu. Na ni wachache zaidi wanaofahamu kwamba mnanasi ni mmoja tu katika ukoo mkubwa wa mimea uitwao bromelia, ambao jamaa zake wengi hupandwa kwa ajili ya maua na majani yao ya kupendeza.

Ukoo huu una sifa moja inayoutofautisha na mimea mingi. Majani yake hupangika kwa duara na kushikana chini, hata mvua inaponyesha maji hukaa katikati kama ndani ya kikombe. Sifa hiyo ndiyo neema ya mmea huu wakati wa kiangazi, na ndiyo inayowatia watu wasiwasi. Mwezi wa Machi mwaka 2017, Serikali ya Burundi ilitangaza rasmi mlipuko wa malaria nchini. Katika nchi iliyopitia hali hiyo, mzazi ana haki ya kuuliza: je, mmea unaohifadhi maji mlangoni pa nyumba hautakuwa kitalu cha mbu? Swali hilo linastahili jibu kamili, kwani wengine hung'oa mimea yote kwa hofu, na wengine huipanda yote bila kujali, na pande zote mbili hupata hasara.

Kwa familia za askari na polisi jambo hili lina uzito wake wa pekee. Nyumba za kambini kwa kawaida huwa na nafasi ndogo ya kulima, na uhamisho huweza kutokea wakati wowote. Mwembe au mparachichi hupandwa na mmoja na kuliwa na mwingine. Bali mnanasi na bromelia za mapambo huishi katika kopo, hupandishwa garini pamoja na vyombo vya nyumbani, na huendelea kukua mahali papya kana kwamba hapakutokea neno.

Asili yake ni ng'ambo ya bahari

Bromelia zote ni wenyeji wa bara la Amerika, isipokuwa aina moja tu inayoota yenyewe katika miamba ya Guinea, Afrika ya Magharibi. Wataalamu wamekwisha orodhesha aina zaidi ya 3,000, kuanzia misitu ya Brazil hadi majangwa ya pwani ya Peru. Jina la ukoo lilitolewa kwa heshima ya Olof Bromelius, daktari na mtaalamu wa mimea wa Sweden aliyefariki mwaka 1705.

Wazungu walilifahamu nanasi mwezi wa Novemba mwaka 1493, wakati Christopher Columbus alipofika katika kisiwa cha Guadeloupe. Wenyeji wa Amerika walikuwa wamelilima tangu kale. Baadaye mabaharia wa Kireno walilisambaza katika pwani za Afrika na Asia, na pamoja na tunda walisambaza jina lake, ambalo asili yake ni lugha za Wahindi Wekundu wa Brazil. Ndiyo maana Mswahili husema nanasi, Mrundi husema inanasi, na Mfaransa husema ananas: wote wanatamka neno moja lililosafiri mbali.

Huko Ulaya, katika karne ya 17 na ya 18, nanasi lilikuwa tunda la wafalme na matajiri, kwa kuwa lilikuzwa ndani ya nyumba za vioo zilizopashwa moto usiku na mchana. Mjini Bujumbura moto huo hauna haja. Mji umelala kando ya Ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 774 juu ya usawa wa bahari, na joto lake la wastani ni kama nyuzi 24. Kile ambacho matajiri wa Ulaya walikinunua kwa kuni na makaa, mkazi wa Buyenzi au Ngagara hukipata bure kutoka kwa jua.

Katika Afrika ya Mashariki nanasi limekuwa zao la kutegemewa. Thika nchini Kenya yapo mashamba makubwa ya biashara. Kiwangwa, wilayani Bagamoyo nchini Tanzania, na Luweero nchini Uganda, husifika kwa mananasi ya wakulima wadogo. Aina mbili zimeenea zaidi. Ya kwanza ni Smooth Cayenne, yenye tunda kubwa na majani yasiyo na miiba mingi. Ya pili ni Queen, yenye tunda dogo, nyama ya manjano na utamu mwingi, lakini majani yake yana miiba mikali. Nyumba yenye watoto wadogo yafaa ichague ile ya kwanza, au ipande ya pili mbali na njia.

Mimea isiyo ya ukoo huu

Yafaa kuonya hapa kwamba si kila mmea wenye majani marefu yaliyochongoka ni bromelia. Mkonge na shubiri hufanana nazo kwa mbali, lakini ni wa koo nyingine. Kadhalika mimea inayoonekana imekalia matawi ya miti katika msitu wa Kibira si bromelia. Aghalabu ni okidi na aina za kangaga. Mimea hiyo ni mali ya msitu na haifai kubanduliwa kupelekwa nyumbani. Nyingi hufa upesi zikifikishwa katika joto la mjini, na msitu hubaki umepungukiwa bila mtu yeyote kufaidika.

Namna bromelia zinavyoishi

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi juani. Mnanasi na jamaa zake wengi hufanya kinyume. Hufungua vitundu hivyo usiku, wakati hewa imepoa, huiweka akiba ya hewa hiyo ndani ya majani kwa umbo la asidi, kisha huitumia mchana huku vitundu vimefungwa. Kwa njia hii mmea hustahimili kiangazi cha mwezi wa Juni hadi Agosti, wakati Bujumbura huweza kukaa wiki nyingi bila tone la mvua.

Bromelia nyingi za mapambo, ambazo kwao huota juu ya miti, huitumia mizizi kujishikiza tu. Chakula na maji huvipata kutoka katika kile kikombe cha majani, ambamo majani makavu na vumbi huoza polepole. Katika misitu ya Amerika vikombe hivyo ni makao ya viumbe vingi. Wapo vyura wanaolelea watoto wao humo, na katika kisiwa cha Jamaika yupo kaa mdogo ambaye maisha yake yote hutegemea maji ya bromelia. Maji yanayoweza kulea chura na kaa yaweza pia kulea mbu, na hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Je, huleta malaria?

Historia inatoa mfano wa kutisha. Katika kisiwa cha Trinidad, mashamba ya kakao yalipandwa miti mirefu ya kivuli, na miti hiyo ilijaa bromelia za mwituni. Miaka ya 1940 wataalamu, miongoni mwao Colin Pittendrigh, walithibitisha kwamba mbu mmoja wa huko, aitwaye Anopheles bellator, alizaliana ndani ya vikombe vya bromelia hizo na kueneza malaria kwa wafanya kazi wa mashamba. Serikali ilipambana naye kwa kunyunyizia miti dawa ya salfeti ya shaba, ambayo huua bromelia. Kusini mwa Brazil nako bromelia ziling'olewa kwa wingi kwa sababu hiyo hiyo.

Mtu akisoma habari hizo na kuishia hapo, atachukua jembe na kung'oa minanasi yake siku hiyo hiyo. Lakini la kuzingatia ni kwamba mbu wale ni wa Amerika, na Afrika hawapo. Mbu wakuu wa malaria wa Afrika wana tabia nyingine. Anopheles gambiae hupenda maji ya ardhini yaliyo wazi na yanayopigwa na jua: madimbwi ya barabarani, nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali. Ndugu yake Anopheles funestus hupenda vinamasi vyenye majani. Mashamba ya mpunga katika bonde la Rusizi nayo yanajulikana kwa kuzalisha mbu wa malaria. Kwa hiyo anayetaka kupambana na malaria nyumbani kwake aanze na dimbwi lililo nyuma ya jiko na mtaro ulioziba, wala asidhani kwamba kung'oa mnanasi kutamwondolea haja ya chandarua.

Hata hivyo jibu halijaisha. Upo ugonjwa mwingine, nao ni homa ya manjano. Kituo cha uchunguzi wa ugonjwa huo kilianzishwa Entebbe, Uganda, mwaka 1936. Miaka ya 1940 wataalamu wake walifanya kazi kubwa katika eneo la Bwamba, magharibi mwa nchi hiyo, mpakani na Kongo. Waliona kwamba virusi vya homa ya manjano hukaa kwa nyani na kima wa msituni, na kwamba wanyama hao wanapoingia mashambani kula ndizi hukutana na mbu wa jamii ya Aedes, ambaye baadaye humuuma mkulima. Mbu huyo huzaliana katika maji machache yanayokaa kwenye makwapa ya majani ya migomba, magimbi na minanasi. Mmoja katika jamii hiyo ana jina la kitaalamu la Aedes bromeliae, lililotokana na jina la ukoo huu wa bromelia.

Kwa hiyo jibu la haki ni hili: mnanasi na jamaa zake haziwezi kulaumiwa kwa malaria ya Bujumbura, lakini maji yake yakiachwa bila kuangaliwa yaweza kulea mbu wa aina nyingine. Mbu wa jamii ya Aedes huuma mchana, saa ambazo hakuna aliye ndani ya chandarua. Ndugu yake anayependa kukaa karibu na watu, Aedes aegypti, huzaliana katika matairi, makopo, mapipa na visahani vya maua, na ndiye aliyeeneza homa ya dengi mjini Dar es Salaam mwaka 2014. Kuhusu homa ya manjano, chanjo ipo, na Shirika la Afya Duniani linatambua kwamba sindano moja hukinga kwa maisha yote.

Kanuni ya siku moja katika wiki

Kinga ni rahisi, maana mbu ana udhaifu wake. Tangu yai kuanguliwa majini hadi mbu kuruka, huhitaji kiasi cha wiki moja hadi mbili. Maji yakiondolewa kila wiki, kiluwiluwi hafiki utu uzima. Nyumba yenye bromelia basi ichague siku moja katika wiki, kwa mfano Jumamosi asubuhi wakati wa usafi, na siku hiyo isikose.

Bromelia iliyo ndani ya chungu huinamishwa mpaka maji yote ya kikombe yamwagike juu ya udongo mkavu, ambako viluwiluwi hufa, kisha hutiwa maji safi. Iliyopandwa ardhini humiminiwa maji kwa nguvu katikati mpaka yafurike na kusukuma nje yaliyokuwamo. Minanasi humwagiwa maji kwa namna hiyo hiyo kwenye makwapa ya majani. Kisahani cha chini ya chungu hujazwa mchanga, ili kisiweze kukaa maji ya wazi. Mapipa ya akiba ya maji ya kunywa na kufulia hufunikwa, na kuta zake husuguliwa kwa brashi, kwa sababu mayai ya Aedes hugandama ukutani juu ya maji na huweza kuvumilia ukavu kwa miezi.

Yapo mambo mawili yasiyofaa kabisa. La kwanza ni kumimina mafuta ya taa au mafuta mabovu ya gari ndani ya kikombe cha majani. Mbu watakufa, na mmea utakufa pia. La pili ni kutumia dawa zenye shaba, kwani bromelia haziivumilii shaba, kama ilivyoonekana kule Trinidad. Maji safi na mkono wenye kukumbuka vyatosha.

Kazi hii yafaa kugawiwa watoto. Mtoto aliyeona kwa macho yake viluwiluwi vikicheza katika maji ya jani, akavimwaga juani, amepata somo la afya ambalo hatalisahau upesi.

Kupanda mnanasi uani

Mnanasi hauhitaji mbegu. Mche hupatikana kwa njia tatu: taji la majani lililo juu ya tunda, vichipukizi vinavyoota kwenye shina chini kidogo ya tunda, na machipukizi makubwa yanayotoka ubavuni mwa mmea mama. Machipukizi ya ubavuni huzaa mapema zaidi, kiasi cha mwezi wa 15 hadi wa 18. Taji huchelewa, na huweza kuchukua miaka miwili. Lakini taji lina faida moja kubwa: hupatikana bure na tunda lililokwisha liwa.

Taji huzungushwa kwa mkono mpaka litoke, nyama yote ya tunda huondolewa ili lisioze, na majani machache ya chini hubanduliwa. Kisha huwekwa kivulini kwa siku chache, kidonda kipate kukauka. Wengi hupoteza miche yao kwa kukosa subira hapa. Taji bichi likifukiwa katika udongo wenye unyevu huoza.

Udongo uwe mwepesi, wenye kupitisha maji na wenye uchachu kiasi. Mnanasi hustahimili ukame, lakini haustahimili kusimama majini. Mizizi na moyo wa mmea huoza. Katika mitaa iliyo karibu na ziwa, ambako maji ya chini ya ardhi hayako mbali, matuta yainuliwe. Katika mitaa ya vilimani, mistari ipangwe kukingama mteremko, isielekee chini, ili kuyapunguzia mwendo maji ya mvua. Ila mnanasi usitegemewe kuzuia ukingo wa korongo usibomoke, kwa kuwa mizizi yake ni mifupi.

Mche hufukiwa sentimita 5 hadi 8, udongo ukashindiliwa, na kati ya mche na mche huachwa sentimita 30. Ukanda wa mita 3 kwa mita 1, ulio katika jua la kutosha, waweza kubeba miche kama 20 katika mistari miwili. Busara ni kutoipanda yote siku moja. Nyumba inayopanda miche mitano kila baada ya miezi mitatu hupata matunda kidogo kidogo kwa muda mrefu, badala ya kuwa na mengi kwa wiki moja na kukosa mwaka mzima.

Penye saruji tupu, debe la lita 20 lililotobolewa matundu chini na kujazwa udongo uliochanganywa na mboji na mchanga hutosha kwa mche mmoja. Samadi iwe imeoza vizuri. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa kumwagiliwa kwenye udongo. Maji ya sabuni hayafai.

Adui wa kuangaliwa ni vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama waliopakwa unga, ambao hufyonza utomvu na kuleta ugonjwa wa kunyauka. Sisimizi huwalinda na kuwahamisha kutoka mmea hadi mmea kwa kuwa hupenda utamu wanaoutoa. Kwa hiyo msururu wa sisimizi kwenye shina la mnanasi ni ishara ya kuinama na kuchunguza chini ya majani. Mche wenye wadudu usipandwe wala kupewa jirani.

Kungoja, na kuharakisha

Mnanasi hutoa maua mengi madogo ya rangi ya zambarau, ambayo baadaye huungana na kuwa tunda moja. Kila jicho juu ya ganda la nanasi ni alama ya ua lililokuwapo. Tangu maua hadi kuiva hupita kiasi cha miezi mitano hadi sita.

Mmea uliokwisha kuwa mkubwa ukikataa kutoa maua, ipo njia ya kuushawishi. Katika karne ya 19 wakulima wa visiwa vya Azores, waliolima mananasi ndani ya nyumba za vioo, waliona kwamba moshi huifanya minanasi itoe maua. Sayansi ilieleza baadaye kwamba ndani ya moshi mna gesi ya ethileni, ambayo pia hutolewa na matunda yanayoiva. Kwa mmea ulio katika debe, maji ya katikati humwagwa, matunda mawili matatu yaliyoiva sana, kama tufaha au ndizi, huwekwa kando ya shina, na mmea wote hufunikwa mfuko wa plastiki kivulini kwa muda wa wiki moja. Mara nyingi, baada ya miezi miwili hivi, kichwa chekundu huonekana katikati ya majani. Wakulima wa mashambani hutumia kabaidi kwa kazi hiyo, lakini gesi yake huwaka kwa urahisi, na si kitu cha kuwekwa katika nyumba yenye watoto na jiko la mkaa.

Nanasi halizidi utamu baada ya kukatwa. Kwa hiyo mwenye bustani ana faida kuliko mnunuzi: yeye aweza kungoja mpaka tunda liive mmeani, liwe na harufu nzuri na rangi ya manjano kuanzia chini. Baada ya mavuno mmea mama huzeeka, lakini huacha machipukizi ubavuni mwake. Hivyo mche mmoja, ukitunzwa, huwa ukoo.

Jamaa za mapambo

Anayetaka kuongeza uzuri wa kibaraza aweza kukusanya bromelia za maua kidogo kidogo. Guzmania ina majani laini yasiyo na miiba na ua refu jekundu au la manjano linalodumu kwa wiki nyingi, hupenda kivuli. Aechmea fasciata ina majani yenye michirizi ya rangi ya fedha na ua la waridi. Neoregelia haina ua la kuonekana kwa mbali, bali majani yake ya katikati hugeuka mekundu wakati wa kuchanua, nayo hutaka mwanga zaidi. Billbergia haichagui mahali, na huongezeka upesi hata kumfaa anayeanza. Tillandsia huishi bila udongo, ikifungwa kwenye kipande cha gogo na kunyunyiziwa maji. Nyingi hazina kikombe cha kukaa maji. Moja ya aina zake, inayoning'inia mitini kama ndevu, ilitumiwa zamani huko Marekani kujazia magodoro na viti.

Ukusanyaji wa mimea hii ni wa zamani. Guzmania ya kwanza ilifikishwa Ulaya mwaka 1776. Nchini Ubelgiji, ambayo baadaye ilikuja kuitawala Burundi mpaka mwaka 1962, profesa Édouard Morren wa Liège aliyefariki mwaka 1886 alitumia miaka mingi kuzikusanya na kuzieleza. Mwaka 1950 wapenzi wa bromelia waliunda chama chao nchini Marekani. Mkusanyaji wa Bujumbura hana haja ya nyumba ya vioo wala fedha nyingi. Bromelia hutoa watoto ubavuni. Mtoto akifikia theluthi moja ya kimo cha mama hukatwa na kupandwa peke yake. Jirani mwenye Billbergia akibadilishana na jirani mwenye Neoregelia, nyumba zote mbili zimetajirika.

Udongo wake uwe mwepesi sana: maganda ya miti, mkaa uliovunjwa na mboji kidogo. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa kuwa maji yenye chokaa huacha madoa meupe juu ya majani. Na kila kikombe kinachoongezwa kibarazani ni kikombe cha kumwagwa kila wiki. Mtu asikusanye mimea mingi kuliko anayoweza kuihudumia.

Jikoni

Nanasi lina vitamini C kwa wingi, na lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huyeyusha protini. Ndicho kinachowasha ulimi wa aliyekula sana, na ndicho kinachomsaidia mpishi. Nyama ngumu ya ng'ombe ikipakwa maji ya nanasi bichi kwa muda usiozidi saa moja kabla ya kuchomwa, hulainika. Ikiachwa zaidi hugeuka kama uji. Nanasi lililochemshwa au la kopo halina nguvu hiyo, kwa kuwa moto huiondoa. Maganda yaliyooshwa vizuri huchemshwa pamoja na tangawizi, yakachujwa na kupozwa, na kuwa kinywaji cha watoto watokapo shuleni. Tunda lisiloiva lisiliwe, kwani huumiza tumbo.

Hapana shaka kwamba mnanasi mmoja hautaondoa shida za nyumba. Lakini miche 20 katika ukanda wa mita 3, iliyopatikana kwa mataji ambayo yangetupwa jalalani, ni matunda ya watoto na miche ya kuwapa majirani. Yote hayo hutaka jua, subira ya miaka miwili hivi, na nusu saa kila wiki ya kumwaga maji yaliyolala. Askari anajua kwamba lindo haliachwi kwa siku moja kwa sababu jana palikuwa shwari. Bustani yenye bromelia nayo ina lindo lake, nalo ni jepesi hata kwa mtoto.